Alisi wa kitabu na Alisi wa filamu: ni nani aliyeielewa ndoto ile?

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma mabishano ya humu kuhusu filamu ipi ya hadithi ya Alisi katika Nchi ya Ajabu (Alice in Wonderland) ni bora kuliko nyingine, na karibu kila mara mabishano hayo huishia kwenye mavazi, rangi na majina ya waigizaji. Leo naomba tulitazame jambo moja tu, nalo ni namna kila aliyeichukua hadithi hii alivyoukabili ukweli kwamba Alisi haendi popote. Kitabuni hajatumwa na mtu, hana adui anayepaswa kumshinda, wala hana kilichompotea. Anamwona sungura mweupe akitoa saa katika mfuko wa kizibao, anamkimbilia kwa udadisi tu, anaanguka shimoni, na kuanzia hapo anakutana na viumbe ambao takriban wote wanambishia. Msimamo wangu nauweka wazi mapema, ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia: waliomtafutia Alisi kazi ya kufanya ndio walioiharibu hadithi, na waliofanikiwa ni wale waliotambua kwamba tukio kubwa la kitabu hiki ni maneno yenyewe.

Asili yake inasaidia kulielewa jambo hili. Tarehe 4 Julai 1862, Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church, Oxford, alipanda mashua pamoja na rafiki yake na mabinti watatu wa mkuu wa chuo hicho, na njiani akawa anawatungia hadithi papo kwa papo. Alice Liddell, aliyekuwa na umri wa miaka 10, ndiye aliyemsihi aiandike. Miaka mingi baadaye Dodgson mwenyewe alieleza kwamba alimtumbukiza msichana wake katika shimo la sungura bila kujua hata kidogo nini kitafuata. Kitabu kilitoka mwaka 1865 kwa jina lake la uandishi, Lewis Carroll, kikiwa na michoro 42 ya John Tenniel. Kwa hiyo kukosekana kwa safari yenye lengo si kasoro ambayo watengenezaji wa filamu wanatusaidia kuirekebisha, bali ndivyo hadithi ilivyozaliwa, kati ya kasia moja na jingine.

Filamu ya kwanza, ya Cecil Hepworth na Percy Stow, ilitengenezwa Uingereza mwaka 1903. Ni fupi mno, haina sauti, na inavutia zaidi kama kumbukumbu kuliko kama hadithi, kwa sababu ukishaondoa maneno unabaki na mtoto anayekua na kupungua kimo. Naipita upesi.

Katuni ya Disney ya mwaka 1951 ndiyo wengi wetu tuliyoanza nayo. Mimi niliiona katika kaseti ya mjomba wangu, kaseti iliyokuwa imechakaa kiasi kwamba Paka wa Cheshire alikuwa akitoweka hata pale asipotakiwa kutoweka. Naipenda bado, na sitajifanya kuidharau. Hata hivyo, tazameni walichofanya na karamu ya chai. Kitabuni, Mtengeneza Kofia anaeleza kwamba amegombana na Wakati, na kwamba tangu ugomvi huo Wakati hataki kumtendea jambo lolote, ndiyo maana kwake ni saa ya chai daima. Katika katuni mahali pa ugomvi huo pamechukuliwa na wimbo wa kusherehekea siku ambayo si ya kuzaliwa, wazo ambalo limetolewa katika kitabu cha pili, kile cha mwaka 1871 ambamo Alisi anapita ndani ya kioo, na saa ya Sungura inapakwa siagi na jamu mpaka inavunjwavunjwa. Watoto wanacheka, lakini fumbo limegeuzwa kuwa vurugu. Dachesi, yule bibi mwenye cheo cha juu, hayumo kabisa, wala yule Kasa mwenye huzuni, na katikati ya msitu Alisi anakaa chini analia akitamani kurudi nyumbani. Machozi hayo ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa ninaouzungumzia, kwa kuwa watengenezaji wameanza kuona aibu kwamba msichana huyu hana analolitaka, wakampa hamu ya nyumbani.

Mwaka 2010 Tim Burton aliumaliza ugonjwa huo kwa kuukamilisha. Alisi wake ana miaka 19, anakimbia posa mbele ya wageni, na akifika chini anakuta hati ya unabii inayoonyesha kwamba yeye ndiye atakayevaa deraya na kumkata kichwa joka la Jabberwocky. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1 na ikapata tuzo mbili za Oscar, za usanifu wa mandhari na za mavazi, na kwa upande wa macho tuzo hizo zilistahiki. Hadithi, hata hivyo, ni ya shujaa na joka, ambayo tunayo tayari katika mamia ya vitabu. Shairi la Jabberwocky katika kitabu cha pili lilikuwa mzaha juu ya hadithi za namna hiyo hasa.

Wawili walionishika ni wengine. Jonathan Miller, katika filamu ya rangi nyeusi na nyeupe aliyoifanya kwa ajili ya BBC mwaka 1966, aliwavua wanyama wote vinyago vyao. Sungura ni mzee mwenye koti, Kiwavi ni Michael Redgrave, Kasa ni John Gielgud, nao wote ni watu wazima wa enzi ya Viktoria wanaomwamuru mtoto, wakimkatiza na kumsahihisha, huku muziki wa Ravi Shankar ukipita chinichini kama joto la mchana. Alisi hawatazami machoni. Ukiitazama filamu hiyo unaelewa kwamba kitabu kinahusu hali ya mtoto aliyezungukwa na kanuni ambazo hakuna anayemweleza.

Naye Jan Švankmajer wa Chekoslovakia, mwaka 1988, alimpa Alisi sungura aliyekaushwa na kujazwa vumbi la mbao. Sungura huyo anang'oa misumari iliyomshikilia katika kabati la kioo, anavunja kioo kwa mkasi, na anapotaka kujua saa anaitoa saa yake ndani ya kifua kilichopasuka, vumbi likimwagika, kisha anailamba ili asome. Baadaye anakula bakuli la vumbi la mbao ili kujaza alichopoteza. Kiwavi ni soksi yenye meno bandia, na akitaka kulala anayashona macho yake kwa sindano na uzi. Hakuna anayeeleza lolote. Lakini kilicho muhimu zaidi kwangu ni sauti: msichana mmoja ndiye anayesema maneno ya kila mhusika, na kila baada ya kauli kamera inasogea hadi midomoni mwake akitaja nani aliyesema. Yeyote aliyewahi kukaa jikoni akisikiliza ngano kwa bibi yake anaujua mtindo huo, ambapo simba, fisi na mke wa mfalme wote wanapita katika kinywa kimoja, na hutaki wapite kwingine.

Karibuni tujadiliane.

Shupaza

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho na nakiri uzi umeshiba, ila umewaonea watu wa filamu. Kitabu unaweza kukifunga ukakirudia kesho, wakati filamu inamtaka mtazamaji akae saa nzima na nusu au zaidi bila kuinuka. Ukimpa mfululizo wa mabishano yasiyokuwa na mwelekeo atatoka nje kununua karanga na hatarudi. Isitoshe, huyo Alisi wa 2010 unayembeza ni msichana anayekataa kuolewa kwa shinikizo la ndugu mbele ya kadamnasi, kisha anaishia kupanda meli kwenda kufanya biashara. Nina mabinti wawili nyumbani, na sehemu hiyo ndiyo waliyoikumbuka na kuizungumza wiki nzima. Je, hilo nalo ni kuharibu?

Mleta uzi

Ndugu Shupaza, kuhusu posa nakubaliana nawe, na laiti filamu ingebaki bustanini ningeisifia kuliko unavyoisifia wewe. Tatizo langu ni ile hati ya unabii. Msichana anamkataa mchumba aliyechaguliwa na wengine, kisha anashuka shimoni anakuta siku yake, silaha yake na adui yake vimekwisha kuchaguliwa na wengine vilevile, naye safari hii anatii. Alisi wa kitabuni, ambaye ana miaka 7 tu, anasimama katikati ya mahakama na kuwaambia mfalme na malkia kwamba wao si chochote ila pakiti ya karata. Hakuna aliyemtabiria kusema hivyo. Kwa mabinti zako, ni yupi aliyekataa zaidi?

Kuhusu mtazamaji wa karanga, hilo ni kweli na sina dawa yake.

Mama Wawili

Habari zenu. Mimi sina utaalamu wa filamu, ila nimewasomea watoto hadithi hii kwa Kiswahili, na ninashangaa hamjazitaja tafsiri, maana nazo ni namna ya kuihamisha hadithi kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Ipo *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, iliyochapishwa London na Sheldon Press mwaka 1940, ambamo michoro inamwonyesha Elisi akiwa msichana wa Kiafrika, na ipo *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu* ya Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Evertype mwaka 2015. Tazameni majina tu: yule wa kwanza yuko "katika" nchi, wa pili yuko "ndani ya" nchi, na mimi neno "ndani" linanipa ile hali ya kumezwa na shimo.

Lililowatatiza watoto wangu ni Sungura. Wao wamekua na Sungura mjanja, anayempeleka Simba kwa maneno mpaka Simba anajuta, na ambaye hata akinaswa ana njia ya kutoka. Humu wanamkuta Sungura anayetetemeka kwa kumwogopa Dachesi, anayedondosha kipepeo cha kujipepea na glavu, anayemdhania Alisi kuwa mtumishi wake na kumtuma nyumbani akazilete. Mdogo aliniuliza kwa dhati kabisa, "Mama, huyu Sungura anajifanya?" Alisubiri mpaka ukurasa wa mwisho auone ujanja wake, na haukuja.

Mleta uzi

Dada, swali la mwanao lina uzito kuliko uzi wangu wote. Msomaji wa Kiingereza anamwona Sungura kama karani mwoga tangu mstari wa kwanza, ilhali msomaji wetu anaingia shimoni akiwa na tuhuma, na tuhuma hiyo inaifanya hadithi iwe ya kutisha zaidi, kwa sababu ikiwa hata Sungura amepoteza akili zake katika nchi hii, basi mtoto wa watu atapona vipi?

Kuhusu michoro ya 1940, ina mambo mawili kwa pamoja. Hizo ni enzi za ukoloni, miaka 10 tu baada ya kamati ya kusanifisha Kiswahili kuanza kazi yake mwaka 1930, na vitabu vya Kiingereza vilikuwa vikigeuzwa kwa ajili ya wasomaji wa shule ambao wenyewe hawakuulizwa wanataka kusoma nini. Lakini papo hapo, mtu aliyeamua kwamba Elisi awe msichana wa Kiafrika alifanya jambo ambalo filamu zote nilizozitaja hazikuthubutu kulifanya.

Mzee wa Vina

Waungwana, mnazunguka ikulu bila kuingia. Ugumu wa kitabu hiki uko kwenye mashairi. Yale mashairi ambayo Alisi anayakariri yakatoka yamepinda yalikuwa ni kejeli ya mashairi ya maadili ambayo kila mtoto wa Kiingereza alilazimishwa kuyahifadhi. Lile la mamba, kwa mfano, linamdhihaki Isaac Watts, aliyewahimiza watoto mwaka 1715 wamwige nyuki kwa bidii ya kazi. Ukilitafsiri neno kwa neno unapata mamba, lakini nyuki hayupo, na kejeli bila anayekejeliwa ni sawa na mwangwi bila sauti. Vladimir Nabokov alipoigeuza hadithi hii kwa Kirusi mwaka 1923 alilitambua hilo: alimpa jina la Anya, akayapinda mashairi ambayo mtoto wa Kirusi aliyajua, na hata panya anayezungumza Kifaransa akamfanya kuwa amesahaulika pale jeshi la Napoleon liliporudi nyuma.

Kwetu sisi nyuki wa Watts angekuwa nani? Jibu langu ni wosia. Tunao Utendi wa Mwana Kupona, alioutunga yule bibi wa Pate mnamo mwaka 1858 kumuusia binti yake, na tunazo tungo nyingi za kumkanya mtoto zilizofuata mizani hiyohiyo. Mtoto aliyehifadhishwa beti hizo akizikosea, msikilizaji atazitambua kwa mdundo wake hata kama maneno yamegeuka. Nimejaribu beti mbili, mnisamehe:

*Tazama mamba mzuri*
*mkia wake fahari*
*aosha kwa uhodari*
*majini akitulia.*

*Hucheka kwa taratibu*
*kwa heshima na adabu*
*"Dagaa, njoo karibu"*
*kinywani akimtia.*

Mizani ni nane kila kipande, na kituo kimekwenda kwa -ia kama kawaida ya utenzi. Adabu na heshima nimeziweka makusudi, maana ndizo zinazosisitizwa katika wosia.

Shupaza

Mzee, shikamoo. Huyo dagaa nimemwonea huruma. Nauliza kama mtu anayetetea filamu: je, ni katuni gani ingeweza kufanya hivi?

Mleta uzi

Hakuna, na ndipo ninapotaka kufika. Mzee wa Vina, nakushukuru, maana umenirahisishia kurudi kwenye ugomvi na Wakati. Alisi anasema kwamba wenzake wangefanya jambo la maana badala ya kuupoteza wakati kwa vitendawili visivyo na majibu, naye Mtengeneza Kofia anamjibu kwamba angemjua Wakati kama yeye anavyomjua, asingesema hivyo, kwani Wakati ni mtu. Kiingereza kinafanya hivyo kwa kubadili kiwakilishi kimoja. Sisi ngeli inatufanyia kazi hiyo katika kitenzi chenyewe. "Unaupoteza wakati" ni lawama ya kila siku, anaisema mwalimu, anaisema mzazi. "Unampoteza Wakati" ni habari nyingine kabisa: kuna mtu ametoweka, na itabidi tukatoe taarifa. Silabi moja imebadilika, na wakati umepata miguu, hasira na uwezo wa kununa. Filamu ikitaka kuonyesha hilo italazimika kumchora mzee mwenye ndevu akiwa amekaa juu ya saa, na ukishamchora umemuua.

Kisha kuna saa yenyewe. Kitabuni, saa ya chai isiyokwisha ni sita kwa hesabu ya Kiingereza. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa kumi na mbili jioni, yaani saa ya mwisho ya mchana, ambayo baada yake tunaanza kuhesabu upya saa moja usiku. Kwa Mwingereza, karamu imekwama mahali popote pa jioni. Kwetu imekwama mlangoni, jua limegusa ukingo na halizami, adhana ya magharibi inasubiriwa na haisikiki. Sijui kama Carroll angelipenda hilo, ila mimi kila nikifika ukurasa huo hutazama dirishani.

Mwisho niwaonyeshe tulichokifanya darasani kwangu na masomo ya Kasa. Anasimulia kwamba katika shule ya baharini alifundishwa masomo ambayo majina yake yanafanana na ya shule zetu yakiwa yamepotoka. Niliwaambia wanafunzi wasitafsiri, watafute maneno yetu wenyewe yatakayopotoka kwa namna hiyo. Tulianza na kusoma na kuandika, na msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema bila kuinua kichwa, "Kuzama na kuanika." Darasa zima lilinyamaza kidogo kabla ya kucheka. Katika shule iliyo chini ya bahari, somo la kwanza ni kuzama, na la pili ni lile ambalo kila kiumbe wa majini analiogopa. Baada ya hapo hisabati ilitiririka yenyewe: kujumlisha kukawa kujilisha, kutoa kukawa kutoroka, kuzidisha kukawa kuzidiwa, na kugawanya kukawa kugombana.

Tulishindwa jambo moja. Kasa anasema siku ya kwanza walisoma kwa muda wa saa kumi, ya pili kwa saa tisa, na kuendelea hivyo, kwa sababu katika Kiingereza neno la somo linasikika sawa na neno la kupungua. "Somo" halikutupa chochote. Mwenye wazo alilete.

Mzee wa Vina

Marahaba, Shupaza. Mleta uzi, "kuzidiwa" hiyo nimeipenda, maana ndivyo hesabu za kuzidisha zilivyonifanya. Kwa somo nami nimekwama. Nimejaribu "darasa" na "mafunzo", hayatoki.

Mama Wawili

Nimewasomea watoto swali lenu wakati wa chakula cha usiku. Mkubwa hakujibu. Mdogo, yule wa Sungura, aliniuliza kwa nini mnang'ang'ania somo wakati shuleni kwao yanaitwa vipindi. Nikamuuliza kwa hiyo? Akasema, "Vinaitwa vipindi kwa sababu kila siku vinapinda kidogo, mpaka mwisho vinakuwa duara na mtu anarudi nyumbani."

Mleta uzi

Dada, mwambie jibu lake nimeliandika pembezoni mwa kitabu kwa penseli, na Jumatatu nitalisoma darasani bila kutaja kwamba aliyelisema bado yuko shule ya msingi.